Paukwa, Bwana Msa na Mitambo ya Tunguu

Katika nyumba zetu za pwani, hadithi haianzi ila kwa idhini. Baada ya sala ya Isha bibi hukaa mkekani, wajukuu wakamzunguka, naye akasema, "Paukwa!" Wao wakaitikia, "Pakawa!" Hapa Unguja wengine huanza kwa kuita, "Hadithi, hadithi!" na watoto hujibu kwamba hadithi na ije, uwongo na uje, na utamu ukolee. Maneno hayo ni madogo, lakini ndani yake mna sharia nzima ya usimulizi. Kabla sungura hajasema neno, na kabla zimwi halijatoka pangoni, msimulizi amekwisha kutangaza mbele ya mashahidi kwamba yajayo si khabari, na wasikilizaji wamekwisha kujibu kwamba wanajua na wanayataka hivyo hivyo. Ndiyo sababu wazee wetu, kwa ukali wote waliokuwa nao juu ya uwongo, hawakumwita bibi huyo mwongo. Mwongo ni yule anayekutia jambo moyoni, na wewe hujui kwamba ni la kubuni.

Leo tunataka kulitazama jambo hilo katika aina moja ya hadithi, nazo ni zile zinazojengwa juu ya elimu ya sayansi: safari za angani, mashine zenye akili, dawa ya kumfanya mtu asionekane. Vijana wetu wanazisoma na kuzitazama sana. Na juu yake pana mzozo wa zamani: je, mwandishi analazimika kusema sawasawa na wasemavyo wataalamu, au yamtosha kuwa hadithi ni tamu na msomaji ameiweka kando shaka yake kwa hiari? Jambo hili la kuiweka shaka kando kwa hiari, mshairi wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge aliliandika mwaka 1817, na wasomi wa Ulaya wamelishika mpaka leo. Bibi zetu walikuwa nalo bila ya kulisoma popote. Nao walizidi kwa jambo moja: walimtaka msikilizaji aitoe idhini yake kwa ulimi.

Mzozo wenyewe ulidhihiri baina ya waandishi wawili wakubwa. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne alitoa kitabu cha safari ya mwezini. Watu watatu wanatiwa ndani ya risasi kubwa, na mzinga unapigwa kutoka Florida, Marekani. Verne alijitahidi kupiga hesabu za kasi na masafa ili msomaji aone kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 1901 Mwingereza H. G. Wells naye akawapeleka watu wake mwezini, lakini hakujisumbua na mzinga. Alibuni kitu kinachozuia mvuto wa ardhi, akakifanya chombo cha safari, basi. Mwaka 1903 Verne, naye ni mzee, alilalamika mbele ya mwandishi wa gazeti kwamba yeye anatumia fizikia, na mwenzake anabuni tu. Kama kitu hicho kipo, na akionyeshe.

Nani mwenye haki? Ukimpima Verne kwa mizani yake mwenyewe, naye amepungukiwa. Mtu akirushwa na mzinga kwa kasi ya kufika mwezini atapondeka pale pale, kwani kasi yote hiyo ataipata ndani ya bomba la mzinga, kwa muda mdogo kabisa. Roketi ya kweli huongeza kasi yake kidogo kidogo kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana watu watatu wa Apollo 11 waliotoka Florida hiyo hiyo mwezi wa Julai 1969 walifika salama, wakarudi kwa kushuka baharini. Verne alipatia mahali pa kutokea, akapatia idadi ya watu, na katika kitabu chake cha pili akapatia hata kurudi kwa njia ya bahari. Lakini akakosea lile lile ambalo lingaliwaua wasafiri wake. Wells kwa upande wake hakumdai msomaji zaidi ya jambo moja la uwongo, na baada ya kupewa hilo, mengine yote aliyafuatisha kwa taratibu. Ama kweli, wote wawili walikopa. Mmoja alikopa kwa siri ndani ya hesabu zake, na mwengine alikopa hadharani.

Nasi Waislamu tusidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Katika karne ya 13 alikuwako Misri tabibu mkubwa, Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288. Huyu ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu, kisha ikarudi upande wa kushoto, kinyume cha alivyofundisha Galen wa Wayunani, aliyedhani kwamba damu hupenya katika ukuta ulio katikati ya moyo. Tabibu huyo huyo aliandika hadithi, Ar-Risala al-Kamiliyya. Ndani yake mtu aitwaye Kamil anaumbika kwa udongo pangoni, katika kisiwa kisichokuwa na watu, akakua peke yake. Anachunguza mimea na wanyama, viungo vyao na kazi za viungo hivyo, na kwa njia ya kutazama na kufikiri anafika kumjua Muumba wake na haja ya watu kupelekewa Mitume.

Basi tazama adabu ya mwanachuoni huyo. Kuzaliwa kwa Kamil ni jambo la kubuni, kwani watu hawaoti mapangoni kama uyoga. Ule ni mlango wa hadithi tu, ni paukwa yake. Lakini mtu akisha kuingia mlangoni, anayoyakuta ndani ni matunda ya elimu na fikra za mtungaji mwenyewe. Hakuitumia ruhusa ya mlango mmoja kuvunja nyumba nzima.

Sasa turudi nyumbani. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918 alizaliwa Muhammed Said Abdulla. Alifanya kazi katika idara ya afya muda wa miaka kumi, akiwa mkaguzi, mpaka mwaka 1948 alipoingia katika uhariri wa magazeti. Kazi ya afya humfundisha mtu jambo moja kubwa: homa ina chanzo, na chanzo hutafutwa. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, hadithi yake ilipata zawadi ya kwanza, na mwaka 1960 ikatoka kitabu, Mzimu wa Watu wa Kale. Humo tulikutana na Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Mtu ameuawa, maiti yake imeonekana penye mzimu, na wanakijiji wanasema wanavyosema siku zote. Bwana Msa yeye hasemi kitu; anavuta kiko na kutazama.

Mwandishi huyu aliujua vizuri moyo wa msomaji wake. Hadithi nyingine humtaka msomaji aiweke kando shaka yake. Hadithi za Bwana Msa zilimtaka msomaji aiweke kando khofu yake ya mizimu, kwa muda wa kitabu kimoja tu, aone kama mambo yatafahamika bila ya khofu hiyo. Mwaka 1968 alitoa Kisima cha Giningi. Nani katika visiwa vyetu hajatishwa kwa Giningi, mji wa wachawi usioonekana kwa macho? Alikuvuta kwa jina la kukutia baridi, kisha akakutembeza mpaka ukakuta tamaa, wivu na mikono ya binadamu.

Na hapa ndipo ilipo kanuni ya hadithi za namna hii. Mwandishi humwekea msomaji dalili zote mbele yake, akamwacha ahangaike nazo. Lau angalimaliza kitabu kwa kusema kwamba aliyeua ni jini, msomaji angalijiona amedhulumiwa, tena kwa haki. Muislamu anaamini kwamba majini wapo, kwani Qurani imewataja. Lakini kuamini kuwapo kwao si ruhusa ya kuwasingizia kila maiti na kila mlango uliofunguka usiku. Mtu anayemtupia jini kila jambo asilolijua hakuzidisha imani, ila amepunguza kazi ya akili aliyopewa na Mola wake.

Tena tusidanganyike kwamba kuandika juu ya akili ni sawa na kuwa nayo kila siku. Arthur Conan Doyle, aliyemtunga Sherlock Holmes, alikuwa daktari. Lakini mwaka 1920 aliandika makala kuzikubali picha walizopiga wasichana wawili wa Uingereza, zikionyesha viumbe vidogo vyenye mbawa vikicheza karibu na kijito. Mwaka 1983, wasichana wale wamekwisha kuwa vikongwe, walikiri kwamba vile vilikuwa vikaragosi vya karatasi vilivyosimamishwa kwa pini. Wasichana walianza kwa mchezo wao, bila ya kusema paukwa, na mkubwa mwenye elimu akaupokea mchezo kama khabari.

Wakati Bwana Msa anaanza kusomwa, katika njia ile ile iendayo Makunduchi palikuwa panajengwa ajabu ya kweli. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilipatana kuweka Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya mpango wa Mercury, na mitambo ikawekwa Tunguu. Vituo vyote duniani vilikuwa 18, pamoja na meli mbili. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Ardhi ni mviringo, na mawimbi ya redio yanayotumika kuzungumza na chombo kama hicho huenda moja kwa moja, hayapindi kuufuata mviringo wa ardhi. Kwa hivyo kituo kimoja hukiona chombo kwa dakika chache tu, kisha kikazama upeoni kama dau linavyozama machoni mwa aliye pwani. Chombo kilichotoka Florida kwenda mashariki kilivuka Atlantiki, kikapita juu ya Afrika. Kikisha kuachana na kituo cha Kano, Nigeria, kilichofuata ni Unguja.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa muda usiotimia saa tano. Sauti yake ilipokewa Unguja kabla ya kufika Australia. Kwa dakika zile, kijiji cha Tunguu kilikuwa mojawapo ya masikio ya dunia. Lau mtu angaliandika haya miaka ishirini nyuma, watu wangalisema ni hadithi za Alfu Lela Ulela na farasi wake wa mti arukaye angani.

Lakini watu wengi wa Unguja hawakuyaamini. Ilienea khabari kwamba Tunguu kumefichwa makombora, na kwamba vita vikizuka kisiwa kitakuwa cha kwanza kupigwa. Maandamano yalifanyika. Kwa kweli kituo hakikuwa na kombora hata moja. Kilikuwa na minara, redio na mashine za kupokea ishara. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali mpya ilitaka kiondoke, na mwezi wa Aprili mwaka huo ikaamuliwa kifungwe.

Wepesi wa kucheka wasiwacheke wazee wale. Mapatano yalifanywa na madola mawili ya mbali, wakati Unguja iko chini ya himaya ya Mwingereza. Ulikuwa wakati wa uhasama mkubwa baina ya Marekani na Urusi, na roketi zilizopeleka watu angani zilitokana na zile zile zilizotengenezwa kubebea mabomu. Shaka yao ilikuwa na asili. Mji Mkongwe ulikwisha kuyapokea maajabu mengine bila ya khofu: Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilipata jina lake kwa mambo mapya yaliyomo, na taa zake za umeme na lifti yake vikawa masimulizi ya mji. Lakini taa mtu huiona ikiwaka, na lifti huiona ikipanda. Mitambo ya Tunguu ilikuwa ndani ya ua, na kazi yake ilikuwa katika mbingu zisizofikiwa na macho. Penye ua na kimya, watu hujitungia hadithi yao. Kweli isiyofafanuliwa haina nguvu mbele ya uwongo uliopangwa vizuri. Huo ndio upande wa kwanza wa funzo letu: hata kweli inamtaka mtu wa kuijulisha na kuieleza.

Upande wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1995 ilianza Pemba, kisha ikavuka Unguja, khabari ya Popobawa, kiumbe mwenye bawa la popo, anayemvamia mtu usingizini. Watu walihama vyumba vyao, wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto. Matabibu wanaijua hali moja ambayo akili ya mtu huamka kabla ya mwili wake: hawezi kujinyanyua, hawezi kupiga kelele, na huhisi kitu kizito kimemkalia kifuani. Wazee wetu wanalo jina la mambo ya namna hiyo, jinamizi, na walijua kwamba humpata mtu, kisha humwacha. Lakini safari hii jinamizi la mtu mmoja lilitembea mdomo kwa mdomo mpaka likawa la kisiwa kizima. Katika khofu hiyo, kijana mmoja mwenye maradhi ya akili alishukiwa kuwa ndiye Popobawa, na kundi la watu likamuua. Alikuwa mwana wa mama yake, na hakuwa na bawa.

Wala si Unguja peke yake palipotokea hayo. Mwezi wa Februari 1949, katika mji wa Quito, nchi ya Ecuador, redio ilitangaza mchezo uliotokana na kitabu cha Wells cha viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaoishambulia dunia. Waliupanga kama khabari za kweli, na wasikilizaji hawakuonywa. Mji ukataharuki. Ilipojulikana kwamba ni mchezo, khofu iligeuka ghadhabu. Watu walilitia moto jengo la redio, na roho za watu zikapotea. Hadithi ile ile katika kitabu haikumdhuru mtu, kwani jalada la kitabu ni paukwa yake. Ilipovuliwa jalada na kuvishwa nguo za khabari, iliua.

Haya yote tumefundishwa zamani. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu S.A.W., jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Hebu fikiri: ni maneno matamu kiasi gani, na yangaliweza kuwavuta watu wangapi! Na aliyeyasikia alikuwa baba mwenye huzuni, anazika mtoto. Lakini hakuyanyamazia. Aliwaambia watu kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Hakukubali dini yake itukuzwe kwa elimu isiyokuwa ya kweli. Na katika Suratul Hujurat tumeamrishwa tuzipeleleze khabari tuletewazo na mtu mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Majuto hayo ndiyo yaliyobaki baada ya mwaka 1995.

Basi jawabu la mzozo wetu ni lipi? Sisi tunaona kwamba imani ya msikilizaji ni amana, anaikopesha kwa muda, na msimulizi ana wajibu tatu juu yake. Kwanza, aiombe waziwazi, ajulishe kwamba hii ni hadithi. Pili, akisha kubuni sharti, alishike. Akisema chombo chake kinaruka kwa dawa fulani, kisiruke siku dawa ilipokwisha. Tatu, anachokichukua katika elimu ya kweli akichukue sawasawa, kwani mtoto hukumbuka mambo ya hadithi kuliko ya darasa, na kosa aliloingiziwa na utamu ni gumu kulitoa. Mwenye kuzitimiza tatu hizo, mwache atuletee madini yasiyokuwapo na watu wa Mirihi. Si mwongo, ni mjukuu wa bibi yetu.

Na msikilizaji naye ana wajibu wake, nao ni kuirejesha shaka yake mahali pake hadithi inapokwisha. Leo simu zinaingia chumbani na picha zinazotengenezwa na mashine, mtu anasema asiyoyasema, na maiti anaonekana akitembea. Hazina paukwa, wala hazina mwisho. Mtoto akikuletea moja akuulize kama ni kweli, usimfukuze, wala usimwambie kila kilichomo kwenye simu ni uwongo. Kaa naye muulize: nani amesema? Amejuaje? Nani mwengine ameona? Hivyo ndivyo alivyouliza Bwana Msa na kiko chake mdomoni.

Tunguu ya minara ile sasa ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vijana wa kike na wa kiume hupita njia ile ile ya Makunduchi wakiwa na vitabu mkononi. Elimu ambayo babu zao waliitazama kutoka nje ya ua, wao wanaiendea kwa miguu yao. Mwenyezi Mungu awazidishie, na atujaalie sote ndimi za kusema kweli, masikio ya kuchuja, na hadithi njema za kuwasimulia watoto wetu. Amin.